Bei ya Shilingi Isiyo na Mkwaruzo

Matangazo ya wanunuzi wa sarafu kuukuu yamejaa mitandaoni, na inayotajwa sana ni ile ya shilingi 40 yenye sura ya Mwai Kibaki. Ilitolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ikaingia sokoni kama hela nyingine, ikalipa nauli na kununua sukari. Wapo wengi walioiweka kabatini, Gilgil hadi Nakuru mjini, na kila tangazo jipya huwafanya wajiulize kama wamekalia utajiri. Hawajaukalia. Hata hivyo, wazo kwamba sarafu ya juzi tu, tena iliyo tele, inaweza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe wa maziwa halikuanza na matapeli. Lina historia yake, na yafaa tuijue kabla hatujaanza kuzithamini fedha zetu kwa macho ya wengine.

Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha ubora wa senti kongwe za nchi yake, kuanzia 1, sarafu iliyolika hata ikawa shida kuitambua, hadi 70, isiyo na dosari. Kipimo hicho kilipata nguvu mpya kampuni za PCGS, mwaka 1986, na NGC, mwaka 1987, zilipoanza kukagua sarafu kwa ada, kuzifungia katika vikasha vya plastiki vyenye namba, na kutangaza ni ngapi zilizopata kila alama. Mkaguzi huiinamisha sarafu chini ya taa, akaigeuza taratibu kutafuta michubuko. Na michubuko haikosi. Sarafu ikitoka mtamboni hudondokea juu ya nyingine, kisha hutiwa mifukoni na kusafirishwa zikigongana, hivyo huweza kupoteza alama kabla hata karani wa benki hajaiona. Na alama moja tu huweza kubadilisha bei: senti moja ya Marekani ya mwaka 1963, ya toleo la wakusanyaji ambalo zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, iliwahi kununuliwa kwa zaidi ya dola 39,000, kwa kuwa ilikuwa imepewa 70. Senti ya toleo hilohilo yenye alama moja au mbili pungufu ilipatikana kwa fedha kidogo sana, na jicho la kawaida lisingezitofautisha.

Aliyetoa dola hizo alinunua cheti zaidi ya alivyonunua senti, na hapo ndipo pana walakini mkubwa. Orodha za kampuni hizi huhesabu sarafu zilizopelekwa kukaguliwa. Hazihesabu sarafu zilizopo. Chukua sarafu zetu mpya zilizozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 11 Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010 kupiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye fedha: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini. Mtu akipeleka twiga mmoja ng'ambo akapewa 68, anaweza kuutangazia ulimwengu kwamba yake ndiyo bora kuliko zote zilizokaguliwa, na kumbe hakuna mwingine aliyelipa ada na posta kupeleka wa kwake. Watu mia wakipeleka mwaka unaofuata, ubora huo unaweza kuporomoka pamoja na bei, ilhali sarafu ni ileile.

Uadimu wa kweli hutokana na mambo yaliyotendeka, na eneo hili la Bonde la Ufa lilihusika katika sakata lililozaa sarafu adimu kuliko nyingi nchini. Reli ya Uganda ilisaidia kueneza rupia ya India, na kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa pauni moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya madini ya fedha ikapanda, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaikaza kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani kumi kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki alilala akidaiwa pauni 100, akaamka anadaiwa 150, na mazao yake yanauzwa London kwa pauni. Walowezi, kiongozi wao akiwa Lord Delamere, ambaye shamba lake la Soysambu liko kando ya Ziwa Elementaita, walipiga kelele. Benki, zilizokuwa zikidai, ziliridhika. Rupia ikaondolewa, ikaja florini ya thamani ileile, nayo haikudumu hata miaka miwili kabla ya shilingi kuchukua nafasi. W. McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma katika koloni, aliyaandika hayo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 1927, na kinachomkera zaidi ni hila ya senti. Senti mia zilikuwa zinafanya rupia au florini. Pakatokea pendekezo kwamba shilingi ikija, senti zilezile zihesabiwe mia kwa shilingi. Vijisarafu hivyo vilikuwa mikononi mwa Waafrika waliolipwa kwavyo, na thamani yake ingekatwa nusu. Pendekezo hilo lilipingwa likaanguka, lakini mwaka 1921 walowezi walikata mishahara ya vibarua kwa theluthi, na mwanaharakati Harry Thuku akapata jambo la kuwakusanyia watu. Florini za 1920 nyingi zilirudishwa zikayeyushwa. Iliyobaki, hata ikiwa imelika, ni shahidi wa ugomvi huo.

Mkusanyaji atajibu kwamba hali nzuri nayo ni uadimu, na kwa sarafu za zamani ana haki. Kuna ndururu na peni, yaani senti tano na senti kumi, za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo, na zilikuwa nyingi mno. Zina tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka, na watu walizitumia mpaka pembe zikafifia. Anayeipata inayong'aa kama siku ilipotoka kiwandani amepata kitu ambacho matumizi ya watu yamekipunguza kweli, na bei ya juu hapo ina msingi. Msingi huo hauwezi kuazimwa na shilingi iliyotengenezwa juzi. Atajibu pia kwamba pesa ni zake. Ni kweli, na hakuna wa kumzuia; ila bei aliyoridhia yeye haimfanyi kila mwenye sarafu kama hiyo kuwa tajiri.

Namna nyingine ya kuthamini vitu vilivyo tele ipo hapahapa Bonde la Ufa, huko Kariandusi, jirani na machimbo ya diatomaiti. Msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey wa 1928 na 1929 ulikuta shoka za mawe kwa mamia, nyingine za lava, nyingine za obsidiani nyeusi, zilizochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna aliyezipa alama kwa ulaini. Uzito wake kwa wataalamu ni kwamba zilikutwa katika tabaka lake la udongo, na nyingine zimeachwa papo hapo ili mgeni aone zilivyolala. Shoka iliyookotwa ikapelekwa nyumbani bila maelezo haina la kusema. Inasikitisha kwamba wengi wapitao barabara kuu ya Nairobi na Nakuru hawasimami kuziona, ilhali wanajua bei inayotajwa mtandaoni ya shilingi 40.

Kwa hiyo, mwenye sarafu za babu au nyanya asizisugue kwa majivu wala dawa ya meno, maana kuzing'arisha kunazipunguzia thamani kwa kila mnunuzi mjuzi. Azitie kwenye bahasha, aandike zilikuwa za nani, zilipatikana wapi na zilifanya kazi gani. Na yeyote atakayemtaka atume ada kwanza ndipo anunuliwe sarafu, asimtumie hata shilingi moja.