Panya, mahindi na rangi ya kijani: namna walivyojifunza kutambua seli T

Rafiki mmoja aliyesoma biomedikali aliniambia: "Ninyi ba-agronome mnajua jembe na mbolea tu, mambo ya kingamwili mtuachie sisi." Nilicheka, lakini ilinichoma kidogo. Juu nikifuata historia ya namna watu walianza kutambua seli T za panya, naona mlango wa kuingilia uko kwetu, ni ile hesabu ya mbegu safi.

Mwanzo wa karne ya 20, chuo cha Harvard kule Marekani kilikuwa na taasisi ya kilimo na biolojia, Bussey Institution. Mule mulikuwa Edward East, mtu wa mahindi, aliyezalisha mimea ndani kwa ndani kizazi kwa kizazi. Mulikuwa pia William Castle, mtu wa wanyama. Mwanafunzi wa Castle, Clarence Little, mwaka 1909 akaanza kuoanisha panya kaka na dada. Nasema wale panya wadogo wa labo, siyo panya buku. Ukiendelea hivyo vizazi 20 hivi, panya wote wa ukoo mmoja wanakuwa sawa mapacha. Ni ile lignée pure tuliyofundishwa kwa mahindi. Little mwenyewe mwaka 1929 akaanzisha Jackson Laboratory, kule jimbo la Maine. Mshike hiyo, tutairudilia.

Rangi ilitoka upande mwingine. Daktari Albert Coons, wa Harvard pia, alijiuliza: kama kingamwili inajua kushika kitu kimoja tu, kwa nini tusiifunge rangi ili tuone pale imeshikia? Yeye na wenzake walitangaza jaribio lao la kwanza mwaka 1941. Lakini rangi ile ilitoa mwanga wa bluu, na nyama ya mwili yenyewe inang'aa bluu chini ya mwanga wa urujuani. Sasa utatofautisha namna gani? Wakahamia fluoresini, ambayo inang'aa kijani. Jambo dogo, lakini bila hilo kazi yote ingekwama.

Wakati ule hakuna mtu aliyejua kama kuko seli T. Kwa mikroskopi limfositi zote ni viduara vinavyofanana. Mwaka 1961, London, Jacques Miller alitoa timusi kwa panya waliotoka kuzaliwa, kile kiungo kilicho juu ya moyo ambacho wengi walidhani hakina kazi. Panya wale wakapungukiwa limfositi, wakashindwa hata kukataa ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Kumbe timusi ni kiwanda cha kinga! Basi limfositi ziko za namna zaidi ya moja. Lakini ukiwa na tone la damu mkononi, utajuaje ni ipi imetoka timusi?

Hapa mbegu safi inarudi. Mwaka 1964 Arnold Reif na Joan Allen walichukua koo mbili za panya, AKR na C3H. Koo hizi zinafanana mpaka kwa zile alama kubwa zinazofanya mwili ukatae nyama ya mwingine. Ukichoma seli za timusi za C3H kwa AKR, mwili wa AKR hauoni ugeni mwingi, kwa hiyo kingamwili zake zinalenga tofauti ndogo tu. Tofauti moja wakaiita theta, leo tunaiita Thy-1. Na panya wa sokoni, waliochanganyika hovyo, ungepata supu ya kingamwili za kila kitu. Mwaka 1969 Martin Raff, London, akaonyesha kwamba theta ni alama ya limfositi zilizotoka timusi. Mwaka uliofuata akatumia kingamwili zenye rangi, akatenga makundi mawili: moja lina theta, lingine lina kingamwili juu ya ngozi yake. Ndiyo T na B tunazokariri kwa mtihani.

Lakini kuhesabu kwa jicho, gizani, seli moja moja, ni mateso. Leonard Herzenberg wa Stanford alichoka nayo. Akasikia kwamba Los Alamos, kule walikotengeneza bomu la atomu, Mack Fulwyler alijenga mwaka 1965 mashine ya kutenga seli kwa ukubwa. Akaomba michoro yake. Kikundi chake kikaongeza mwanga: seli zinapita moja moja ndani ya mkondo mwembamba wa maji, taa inazimulika, kifaa kinapima mng'ao, halafu tone lenye seli unayotaka linapewa umeme na kuvutwa pembeni. Ya 1969 ilitumia taa ya zebaki, ya 1972 leza ya argoni.

Kilichobaki ni kingamwili safi. Köhler na Milstein waliileta Cambridge mwaka 1975, na hawakuchukua hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Herzenberg akaenda kukaa kwa Milstein, akarudi na ujuzi. Mwaka 1979 labo yake ikatangaza kingamwili za panya buku, moja yao 53-6.7, inayoshika CD8 ya panya mdogo. Watu wanainunua hata leo! GK1.5 ya CD4 ikafuata 1983, na 145-2C11 ya CD3 mwaka 1987. Mwaka 1982 ikaongezeka rangi ya fikoeritrini, inayotolewa kwa mwani mwekundu. Leza ileile moja inaipa mng'ao wa chungwa, kwa hiyo unasoma alama mbili kwa seli moja. Mwani, wenzangu. Mmea wa majini.

Na hesabu hiyo ya seli T ilifika kwetu mapema. Mwaka 1983, Kinshasa, watafiti walitambua wagonjwa 38 wa SIDA ndani ya majuma matatu, na kati ya vipimo vyao mulikuwa uwiano wa seli T zinazosaidia na zile zinazozuia. Wanawake walikaribia kulingana na wanaume, wakati Marekani walikuwa bado wanaiona kama ugonjwa wa wanaume.

Rafiki yangu wa biomedikali nimemtumia haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Amejibu neno moja: "Mahindi?"