Watawa wa Ziwa Mareotis

Kusini ya Iskandaria, mji ulioanzishwa mwaka 331 kabla ya kuzaliwa Kristo na ambao hatimaye ulijaa Wayahudi waliosoma Taurati yao kwa Kiyunani, liko ziwa la Mareotis. Na juu ya kilima kifupi kando yake, mahali penye upepo wa ziwa na wa bahari pamoja, waliishi katika karne ya kwanza Wayahudi, wanaume kwa wanawake, walioipa dunia kisogo. Waliitwa Therapeutai, jina ambalo kwa Kiyunani lina maana mbili, waganga na watumishi, na Philo, mwanafalsafa Myahudi wa mji huo ambaye kitabu chake ndicho shahidi wao wa pekee, alizikubali zote mbili: waliziganga roho, na walimtumikia Mungu.

Aliyetaka kujiunga nao aliwaachia wanawe au jamaa zake mali yake yote angali hai, kana kwamba amekwisha kufa. Nyumba zao zilikuwa duni, wala hazikusongamana kama za mjini, wala hazikuachana mno, maana walipenda faragha na tena walihitaji kusaidiana wakivamiwa na wanyang'anyi. Ndani ya kila nyumba mlikuwa na chumba cha khalwa, ambamo hakikuingizwa chakula wala kinywaji, ila Taurati, maneno ya manabii na zaburi. Kwa siku 6 mtu alikaa humo peke yake asivuke kizingiti wala asichungulie nje, akiomba jua likichomoza na likichwa, na baina ya nyakati hizo akisoma Maandiko na kuyatafutia maana, kwani kwao dhahiri ya maneno ilikuwa mwili, na batini yake ndiyo roho. Hakuna aliyekula kabla ya magharibi, na wako waliokaa siku 3, hata 6, bila kukumbuka chakula. Nacho kilikuwa mkate kwa chumvi, na waliopenda ladha wakitia hisopo, wakashushia maji ya chemchemi.

Siku ya 7 walikusanyika, wakaketi kwa kufuata umri, mkono wa kulia baina ya kifua na kidevu, wa kushoto ubavuni, wakamsikiliza mzee wao. Ukuta wa dhiraa 3 au 4 uliwatenga wanawake na wanaume, lakini juu uliachwa wazi ili sauti ya msemaji iwafikie wanawake bila kizuizi. Ukuta huo mfupi wanivutia kuliko habari zao zote, kwa kuwa ulisitiri haya bila kuzuia elimu, na wanawake wale, wengi wao vikongwe waliochagua wenyewe kutoolewa, waliisoma hekima ile ile. Watumwa hawakuwa nao, kwani kummiliki mtu waliona ni kinyume cha maumbile, na katika dola ya Rumi hayo hayakuwa maneno mepesi.

Kwa ajili ya maisha kama hayo, Eusebius, askofu wa Kaisaria wa karne ya 4, aliwadhania kuwa Wakristo, ingawa Philo hamtaji Kristo hata mara moja.

Kila baada ya majuma 7 walifanya karamu, wamevaa nguo nyeupe, wakijinyoosha juu ya vitanda vya mbao vilivyotandikwa mafunjo, pasipo nyama wala mvinyo. Maji yalikuwa baridi, ila wazee dhaifu walipashiwa moto. Wakiisha kula walisimama, wanaume safu yao na wanawake safu yao, wakaimba kwa kupokezana, kisha safu mbili zikachanganyika kuwa moja, kwa kumbukumbu ya Musa na Miriamu walipoivuka Bahari ya Shamu. Wakakesha hivyo, sauti nzito za wanaume zikiungana na nyembamba za wanawake, bila usingizi wala uzito wa kichwa; na jua lilipochomoza waliligeukia, wakainua mikono wakaomba siku njema na nuru ya akili, kisha kila mmoja akarejea chumbani mwake kusoma.