Surua: pata chanjo kabla ya safari ya nje

Surua huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya ukumbini uwanja wa ndege, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada yake kuondoka. Huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati yeye mwenyewe anadhani ana mafua tu.

Nani anahitaji chanjo?

- Mtoto wa miezi 6 au zaidi ambaye hajafikia umri wa dozi ya kwanza (miezi 9 Kenya na Tanzania, miezi 12 Marekani): dozi 1 ya ziada. Dozi zake za kawaida zibaki palepale.
- Mtu mzima asiye na uthibitisho wa kinga: dozi 2, zikipishana angalau siku 28.

Dozi 2 huwakinga takriban watu 97 kati ya 100. Kamilisha chanjo angalau wiki 2 kabla ya kuondoka.

Wajawazito hawapewi chanjo hii. Wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Ukipata homa na vipele ndani ya wiki 3 baada ya kurudi, kipigie simu kituo cha afya kwanza, usije ukawaambukiza walio kwenye foleni.