Maktaba ya Japani iliyobebwa na ‘mwani’ wa chuma

Ukiliona kwa mara ya kwanza, unajiuliza limeshikiliwa na nini. Sendai Mediatheque, jengo la ghorofa saba mjini Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani, limefunikwa vioo upande wa barabarani na ndani kuta ni chache mno. Maktaba ya umma ya mji imo humo, pamoja na kumbi za maonyesho na filamu.

Mbunifu wake, Toyo Ito, alishinda shindano la kulichora mwaka 1995. Wazo alilipata kwenye mwani unaoyumba majini. Akaacha nguzo za kawaida, akaweka mashina 13 yaliyosukwa kwa mabomba ya chuma, yanayopanda kutoka chini hadi paani huku yakipenya kila sakafu. Ukubwa wake unatofautiana na mengine yameinama kidogo. Katikati yana uwazi, na humo ndimo zinamopita lifti, ngazi, nyaya, hewa na hata mwanga wa jua. Manne makubwa, yaliyo karibu na pembe, ndiyo yanayotegemewa zaidi ardhi ikitikisika.

Wengi husifia mashina, lakini kazi ngumu ilikuwa sakafu. Mhandisi Mutsuro Sasaki alitumia mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa mbavu za ndani, ili sakafu iwe nyembamba bila boriti kuning’inia chini yake. Uchomeleaji wa namna hiyo si wa fundi yeyote tu, ndiyo maana waliitwa mafundi waliozoea kuunda meli.

Jengo lilifunguliwa Januari 2001. Miaka kumi baadaye, Machi 11, 2011, likapigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.0, lile lililoleta tsunami. Mtu mmoja aliyejificha chini ya meza alirekodi video, na ndani yake unaona jengo likiyumba kwa muda mrefu kweli. Sehemu ya dari ya ghorofa ya juu iliporomoka, vitabu vikamwagika, vioo vikavunjika. Mashina yote 13 yalibaki yamesimama.

Mwezi Mei mwaka huohuo, sehemu ya jengo ilifunguliwa tena. Wakati huo pia kilianzishwa humo kituo cha kukusanya picha, video na simulizi za wakazi kuhusu siku ile, na mkusanyiko huo unahifumadhiwa humohumo.