Uchi, haya na kibao

Tangu mwanzo wa karne ya 20 wako Wajerumani, wake kwa waume, wanaooga na kuota jua uchi wa mnyama. Wapinzani wao walisema huo ni uasherati. Wao wakajibu kuwa jua na hewa ni afya, na tamaa huchochewa na kuuficha mwili. Machi 1933, Göring wa chama cha Wanazi alitoa amri dhidi yao. Mwaka 1954, Ujerumani Mashariki nayo ikajaribu kuwazuia pwani ya Baltiki. Waogaji wakakaidi. Mwaka 1956 serikali ikaruhusu, ila mahali palipotengwa na kuwekewa vibao. Hivyo asiyetaka kuwaona naye akaheshimiwa. Penye amri palizuka ugomvi. Penye mpaka pakapatikana amani.