Maporomoko ya ardhi katika miinuko ya Kisumu

Maporomoko ya ardhi ni kushuka kwa ghafla kwa udongo, tope au mawe kutoka kwenye mteremko. Katika Kaunti ya Kisumu hatari hii iko pande mbili za Uwanda wa Kano. Kaskazini kuna ukuta wa Nandi, pamoja na vilima vya Riat na Kajulu vilivyo nyuma ya mji. Kusini kuna miteremko ya Nyabondo, huko Nyakach. Uwanda wenyewe ni sakafu ya ufa wa Nyanza, tawi la Bonde la Ufa linalofika hadi Ghuba ya Winam. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Nandi Hills umepita mita 2,000. Maji yanayonyesha huko juu hayana safari ndefu kufika Kano.

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Wengi husema mlima ni wa kuogopwa mvua ikishakolea, na hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kiangazi cha Januari na Februari huacha udongo mfinyanzi umepasuka, nyasi zimeliwa na mifugo, na mikondo mikavu imejaa kokoto na matawi. Mvua kubwa ya kwanza haizami ardhini. Hukimbia juu juu na kusomba kila kilicholegea, hata mawe ambayo mtu asingeweza kuyasukuma. Makorongo ya Katuk Odeyo, Nyakach, yaliyokata mashamba vipande vipande, yanaonyesha nguvu ya maji hayo kwenye udongo dhaifu.

Maporomoko ya kina hufuata utaratibu mwingine. Maji hujaza ardhi kwa siku nyingi, uzito wake huongezeka na mshikamano wake hupungua, mpaka mteremko mzima unaachia. Ndivyo ilivyokuwa West Pokot, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, ambapo zaidi ya watu 40 walikufa. Hata hivyo kalenda si ya kutegemewa: kijiji cha Nametsi, Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, na mamia ya watu wakapotea.

Saa nayo ina uzito wake. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea Nandi na Kericho, na mvua ya radi huangusha maji huko alasiri, mara nyingi pamoja na mvua ya mawe. Mto Nyando unaweza kujaa Ahero bila tone kuanguka hapo. Kwa hiyo mchungaji, mvunja mawe wa Kajulu au mpanda vilima afanye shughuli zake asubuhi, na asipumzike wala kupiga hema ndani ya korongo, hata kama ni kavu na lina kivuli kizuri.

Dalili huonekana mapema kwa anayetazama. Ufa mpya unaokata shamba kwa upana wa mteremko ni mbaya kuliko nyufa za kiangazi, ambazo husambaa ovyo na kujifunga udongo ukilowa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri huanza kukwama. Miti na nguzo huinama. Chemchemi hubadilika rangi. Dalili kali kuliko zote ni kijito kinachopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, maana huenda tope limekiziba juu na litaachia kwa mkupuo.

Kukimbia kufuata mkondo kuelekea chini ni kosa, kwa kuwa tope hupita humo humo na lina kasi kuliko miguu. Mtu apande kando, mbali na mkondo, na asirudi kuchukua vyombo au mifugo, kwani poromoko la pili hufuata mara nyingi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya usikilizwe kwa eneo la juu, si la unapoishi tu. Simu ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.