Blanketi ya ziada: namna ya kuikata ili watoto wasilale na baridi

Mtu wa Uvira akifika Lubero ao Masisi ya juu katika mwezi wa saba, usiku wa kwanza analala na koti. Hatuna theluji sawa Ulaya, lakini baridi tuko nayo. Kila unapopanda mita 1 000, joto linapungua karibu digrii 6. Goma iko mita 1 500 hivi, na vijiji vingi vya Masisi, Lubero na miinuko ya Itombwe vinapita mita 2 000. Tena wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mbingu inakuwa wazi usiku, na joto la muchana linapanda juu bila kizuizi kwa sababu hakuna mawingu ya kulifunika. Ndiyo maana asubuhi unaona moshi wa pumzi unatoka mdomoni mwa watoto wanaoenda kuchota maji.

Habari hii inagusa sana jamaa ambazo zimehama na kurudi. Kambi zilizokuwa pembeni ya Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, zilivunjwa mwezi wa pili 2025. Wengi walirudi kwenye milima na kukuta nyumba bila mlango ao bila manjanja. Kati ya vitu vichache walivyobeba mgongoni kuna blanketi laini za misaada, zile za manyoya mafupi, nyingi za rangi ya kijivu. Watu wengine waliziuza ili wapate unga. Sitamlaumu mtu ambaye alichagua kulisha watoto kwanza.

Lakini kwa yule ambaye bado ako nayo, kuna shida moja ambayo wazazi wote wanajua. Watoto wanne wanalala chini ya blanketi moja. Saa tano za usiku wote wamefunikwa. Saa tisa, wakati baridi ndiyo kali, mkubwa amevuta upande wake, mdogo ako nje, na mama analala hajui. Kwetu nyumbani tulikuwa hivyo; mimi nilikuwa mkubwa, basi nilivuta. Blanketi iliyoshonwa ikawa nguo haivutwi na mtu. Inabaki kwenye mwili wa mtoto hata akigeuka mara kumi, na asubuhi anatoka nayo inje.

Mbele ya kushika makasi, hesabu kwanza. Watu wangapi wanalala ndani ya nyumba, na blanketi ni ngapi? Ile moja tu inayofunika jamaa yote, usiikate. Tunazungumza juu ya ile ya pili ao ya tatu, ao ile ambayo imetoboka katikati na inaachwa pembeni kwa sababu haina kazi. Hiyo yenye tundu ndiyo nzuri zaidi kuanza nayo, maana tundu linaweza kuwa shingo.

Angalia pia ni blanketi ya aina gani. Ile laini ni plastiki, hata kama haionekani. Kitambaa chake kilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye kiwanda cha Malden Mills, na leo viwanda vinaweza kukitengeneza kwa chupa za plastiki zilizoyeyushwa. (Chupa sawa zile zinazoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi kila mara. Huko ziko nyingi, kiwanda ndicho hakuna.) Joto halitoki kwa kitambaa chenyewe. Manyoya yanashika hewa, na hewa hiyo ikitulia karibu na mwili inazuia joto lisiondoke. Ili kujua, kata ncha ndogo ya pembeni na uvute. Kama nyuzi hazitoki, ni ile laini ya plastiki, unaweza kushona bila kupinda ukingo. Kama nyuzi zinatoka moja moja, ni ya kufumwa; hiyo inaomba upinde kila upande, la sivyo itaisha kwa kufuliwa mara mbili.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanasahau: baridi ya usiku inatoka chini. Mtoto anayelala kwenye mkeka juu ya udongo, ao juu ya mawe ya volkano, anapoteza joto kupitia mgongo hata kama juu yake umeweka blanketi mbili. Uzito wake unakandamiza kitambaa, hewa inatoka, na blanketi inakuwa nyembamba sawa kitenge. Kwa hiyo chini weka kwanza kitu kinachozuia maji, yaani kipande cha shitingi ao mfuko wa plastiki uliofunguliwa. Juu yake weka kartoni, nyasi kavu ao majani ya ndizi yaliyokauka vizuri, unene wa vidole vinne. Ndipo uweke kipande cha blanketi kilichokunjwa mara mbili. Nyasi zianikwe juani kila siku mbili tatu, maana zikishika unyevu zinaleta ukungu na viroboto.

Blanketi nyingi za misaada ziko na sentimita 150 kwa 200. Ikunje mara mbili kila upande, ukate kwenye mikunjo: unapata vipande vinne vya sentimita 75 kwa 100. Kimoja kiende chini ya mgongo, kama tulivyosema.

Cha pili ni koti ya mtoto wa miaka minne mpaka sita. Likunje liwe sentimita 50 mbele na 50 nyuma, upana ule wa 75 unashuka juu ya mikono. Katikati ya mkunjo kata mstari wa sentimita 22, si duara. Duara kila mara linakuwa kubwa kuliko ulivyofikiri. Jaribu kichwa, ongeza kidogo kama hakipiti. Shona pembeni kutoka chini kupanda, acha sentimita 20 za juu kwa mikono. Mbele ya kukata, vuta kitambaa kwa urefu na kwa upana. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke kifua, ili mtoto apumue na acheze. Sindano na uzi vinatosha. Fundi wa kushona akikuomba bei kubwa, mwambie tu akupitishie mstari mbili za pembeni, mengine utafanya mwenyewe.

Cha tatu ni mfuko wa kulalia wa mtoto mchanga, na hapa naomba uangalifu. Kunja kipande kiwe upana wa 50 na urefu wa 75, shona chini na pembeni, acha matundu mawili ya mikono. Juu funga mabega kwa vifungo. Shingo ikishafungwa, vidole viwili vya mtu mzima vipite, lakini kichwa cha mtoto kisiweze kuingia ndani. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa juzi kinazunguka karibu sentimita 35 tu. Shingo ikiwa pana, anateleza ndani ya mfuko na kukosa pumzi. Usiweke kamba shingoni, wala kofia yenye kamba. Vifungo vishonwe kwa nguvu, maana kinachotoka kinaenda mdomoni. Uzuri wa mfuko ni kwamba hautapanda kufunika uso, jambo ambalo blanketi ya kawaida inaweza kufanya.

Kipande cha nne kinatoa kofia, soksi na mikanda ya kuongeza urefu wa koti mtoto akikua.

Halafu moto. Mdogo wangu ako na alama kwenye mguu kutoka kwenye goti mpaka kwenye kisigino. Alikuwa na miaka mitatu, blanketi laini ikagusa mbabula. Kitambaa hicho hakiungui tu kama pamba. Kinayeyuka, na ile plastiki ya moto inashika kwenye ngozi. Ikitokea, mwaga maji ya baridi, safi, kwa dakika 20, usivute kitambaa kilichoshika, wala usipake dawa ya meno ao mafuta, na umpeleke kituo cha afya. Mtoto aliyevaa koti hii asikae karibu na moto, hata kama ndiyo saa anayoutamani zaidi.

Na mbabula isilale ndani ya nyumba. Makala yanayowaka polepole yanatoa gesi isiyo na harufu wala moshi, inayoua watu wakiwa usingizini. Watu wa Goma wanachanganya gesi hiyo na mazuku, lakini ni vitu viwili. Mazuku inatoka ardhini, inakaa kwenye mabonde na mashimo. Hii nyingine unaileta mwenyewe mlangoni.

Nguo peke yake haitoshi kwa mtoto wa siku za kwanza. Joto lake la kawaida ni kati ya digrii 36,5 na 37,5, na hajui kutetemeka sawa sisi, basi usingoje atetemeke. Gusa miguu, kisha tumbo. Miguu baridi na tumbo la moto: muongezee nguo. Tumbo nalo likiwa baridi, ananyonya bila nguvu, analia kwa sauti ndogo, anachoka: hiyo ni hatari. Mvue, mweke kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani, funika wote wawili kwa blanketi, mnyonyeshe na muende kwa muganga hivyo hivyo, bila kumtenganisha na kifua. Madaktari wa Bogotá, kule Kolombia, walianza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa watoto waliozaliwa mbele ya wakati, kwa sababu mashini za kuwapasha joto hazikutosha. Baba pia ako na kifua, mama akiwa mgonjwa. Na mtoto aliyezaliwa leo asioshwe leo; mumpanguse, mngoje saa 24.

Kuhusu mvua: blanketi laini hainywi maji mengi na inakauka upesi, lakini upepo unapita katikati yake. Mtoto anayeenda shule asubuhi avae koti hii ndani, na juu yake shati nzito, jaketi ya mitumba, ao hata mfuko wa plastiki mzito uliokatwa sehemu ya kichwa na mikono, kwa mtoto mkubwa tu, akiwa anatembea. Na chandarua kibaki palepale. Mbu hawaogopi blanketi.

Fua kwa maji ya baridi ao ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usikamue kwa nguvu, usipige pasi. Anika kwenye kamba, si kwenye nyasi, kwa sababu manyoya yanabeba kila mbegu na kila kidudu cha shambani. Vipande vilivyobaki vidogo kabisa vitie ndani ya foronya, vitakuwa mto wa mtoto mkubwa. Mchanga hana kazi na mto.